Kifafa, vidonge vya hospitali na chupa ya habasoda

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumependa tulizungumze jambo ambalo katika majumba mengi husemwa kwa minong'ono, nalo ni maradhi ya kifafa, na hasa habari ya wale wanaotaka kuyazuia kwa mafuta ya habasoda na virutubisho vya nyongeza vinavyouzwa madukani, nje ya misikiti baada ya swala, na siku hizi hata kwa njia ya simu.

Kifafa si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wanaishi nacho, na karibu asilimia 80 yao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Shirika hilo hilo linasema kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangepimwa sawasawa na kupewa dawa inayowafaa. Ndugu msomaji, itazame hesabu hiyo vizuri. Katika kila wagonjwa kumi, saba wangeweza kwenda shule, kuoa na kuolewa, kufanya kazi na kulala usingizi wao bila ya hofu.

Wataalamu wanatueleza kwamba ubongo hufanya kazi kwa chembe zinazopelekeana habari kwa nguvu ndogo za umeme. Umeme huo ukiripuka kwa pamoja na bila ya mpango, mtu hushikwa. Mwengine huanguka, akakakamaa na kutetemeka, akatoka povu na pengine mkojo. Mwengine haanguki kabisa, bali hukodoa macho kwa sekunde chache akawa kama hayupo, na mwalimu akadhani ni mtoto mvivu asiyesikiliza. Sababu zake ni nyingi: kuumia kichwa, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali iliyopanda kichwani, kiharusi kwa wazee, na kwa wengine ni kitu cha kurithi. Na wapo wengi ambao sababu yao haijulikani.

Ipo sababu moja ambayo Waislamu hudhani haiwahusu, nayo ni minyoo ya nguruwe. Mayai ya mnyoo huyo hayatoki katika nyama. Hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo tumboni, yakaingia katika maji, katika mboga mbichi au katika mikono ya anayepika, na akiyameza mtu mwengine huweza kufika ubongoni na kumletea kifafa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Mayahudi wa New York, watu wanaojiepusha na nguruwe kama tunavyojiepusha sisi, ambao walipatwa na maradhi haya kwa njia hiyo. Basi kutokula nguruwe ni amri ya Mola wetu, lakini kuosha mikono na mboga na kuwa na choo safi nako kuna mahali pake.

Wapo watakaouliza: na majini je? Hatukusudii kulikataa lililothibiti katika dini yetu. Lakini wanazuoni wetu wa zamani walikuwa wapana wa mawazo kuliko baadhi yetu leo. Ibn Sina katika kitabu chake cha Al-Qanun aliieleza sara'a, kama Waarabu wanavyoyaita maradhi haya, kuwa ni maradhi ya ubongo yenye sababu na tiba zake. Na Imam Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad, pamoja na kuithibitisha sara'a ya pepo wabaya, alisema waziwazi kuwa iko nyingine inayotokana na mwili wenyewe, na hiyo ndiyo wanayoizungumza matabibu. Basi huyu bwana ambaye kila mtoto akianguka yeye ameshamjua jini kwa jina na kabila, na akamfunga kamba na kumchapa bakora, hiyo hukumu ameitoa wapi? Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema na hakuna daktari anayelizuia. Kumpiga mgonjwa si kisomo.

Tuje sasa kwenye lililotusukuma kuandika makala haya. Tulijiwa na mama mmoja ambaye binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alianza kuanguka tangu alipokuwa na miaka tisa. Hospitali walimwanzishia vidonge, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akakaa zaidi ya miaka miwili bila ya kushikwa. Baba yake akakutana na muuzaji wa mafuta ya habasoda aliyemwambia kuwa vidonge vya hospitali ni sumu ya ini, na kwamba mwenye yakini na maneno ya Mtume (s.a.w.) hachanganyi. Vidonge vikatupwa jalalani. Msichana akapewa mafuta, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Siku ya nane alishikwa alfajiri, kabla hajazindukana akashikwa tena, na tena, mpaka akafikishwa hospitali akiwa hajitambui. Alikaa wodini siku kumi na mbili. Alhamdulillahi yu hai, lakini muhula mzima wa masomo ulimpita, na mpaka tunapoandika anasahau mambo ambayo zamani hakuwa akiyasahau.

Mama huyo hakuja kumshitaki muuzaji. Alikuja na swali moja. "Shehe wangu," alituuliza, "baba yake anasema dawa imekataa kwa sababu mimi nilikuwa na shaka moyoni. Ni kweli kwamba mwanangu ameumia kwa uchache wa imani yangu?"

Swali hilo linataka jibu lenye elimu, kwa hiyo tuanze na hadithi yenyewe. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa maana yake, kwamba Mtume (s.a.w.) alisema katika habasoda mna tiba ya kila maradhi ila mauti. Hadithi ni sahihi, hatuna neno juu ya usahihi wake. Lakini wanazuoni waliizungumza vipi? Imam al-Khattabi alisema kuwa tamko lake ni la jumla na lililokusudiwa ni mahususi, yaani maradhi yale yanayosadifiana na tabia ya mbegu hiyo, kwani hakuna mmea mmoja unaokusanya sifa za kukabili maradhi yote. Ibn al-Qayyim naye akaifananisha na pale Mola wetu anaposimulia habari ya upepo uliowaangamiza watu wa 'Ad, kwamba uliangamiza kila kitu, na maana yake ni kila kitu kilichokuwa cha kuangamizwa nao, kwani ardhi na mbingu zilibakia. Yuko vilevile Ibn Abi Jamra aliyependelea kuiacha hadithi katika ujumla wake. Khitilafu hiyo imo katika Fat-h al-Bari ya Ibn Hajar, na aliyesoma ataikuta. Tuliloshindwa kulikuta kwa wote hao ni yule aliyesema kuwa mtu anayetumia habasoda ameharamishiwa dawa nyingine. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitumia na kuelekeza tiba za namna mbalimbali, na akawaamrisha waja wa Mwenyezi Mungu wajitibu.

Na wenzetu Waislamu wa nchi nyingine hawakuishia kwenye maneno, waliipima. Mwaka 2007 madaktari wa Mashhad, Iran, walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto 20 ambao kifafa chao kilikuwa kimeshindikana kwa dawa. Waliwapa maji yaliyokamuliwa ushindi wa habasoda, na kwa muda mwengine wakawapa kitu kisicho na dawa ndani yake, bila ya wazazi kujua kipi ni kipi. Katika muda wa habasoda mashambulizi yalipungua. Habari njema. Lakini mwaka 2013 wataalamu wa Misri nao walitangaza jaribio la namna hiyo hiyo kwa watoto 30, safari hii kwa mafuta yenyewe, na hawakuona tofauti ya maana baina ya mafuta na kile kisicho na dawa. Hapo ndipo elimu ilipofika: majaribio madogo, ya wiki chache, moja likisema ndiyo na jengine likisema hatukuona. Na jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni hili: watoto wa Mashhad na watoto wa Misri, wote, hawakuachishwa dawa zao za hospitali hata siku moja. Habasoda iliongezwa juu ya vidonge, haikuwekwa mahali pa vidonge.

Basi kilichomuumiza binti wa mama yule si habasoda, wala si shaka ya mama yake. Ni kukatishwa vidonge kwa ghafla. Dawa za kifafa, kama fenobabitoni, kabamazepini na valproeti, huuzoesha ubongo utulivu, na zikiondolewa kwa mkupuo ubongo huripuka kwa nguvu kuliko mwanzo, mashambulizi yakafuatana bila ya mgonjwa kuzindukana. Hali hiyo huua. Daktari anapotaka kuziondoa huzipunguza kidogo kidogo, kwa wiki na miezi.

Ama suala la imani, tulimkumbusha mama yule kisa alichokipokea Ata bin Abi Rabah kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), nacho pia kimo katika Bukhari na Muslim. Mwanamke mweusi alimwendea Mtume (s.a.w.) akamlalamikia kuwa hushikwa na sara'a na nguo zikamfunuka, akaomba aombewe dua. Mtume (s.a.w.) akamkhiyarisha: akitaka asubiri na malipo yake ni Pepo, na akitaka atamwombea Mwenyezi Mungu amponye. Akachagua kusubiri, lakini akaomba aombewe asifunuke tu, naye akamwombea. Ibn Abbas alikuwa akimwonyesha Ata mwanamke huyo kuwa ni mtu wa Peponi anayetembea duniani. Je, mtu wa Peponi alikuwa mchache wa imani? Mbona kifafa kiliendelea kumshika? Na tena tuangalie ni kitu gani kilichomuumiza mwanamke yule kupita maradhi yenyewe: ni kufunuka mbele ya watu. Leo mtu akianguka stendi ya basi, wa kwanza kufika anatoa simu apige picha. Khanga moja ya kumfunika haipatikani, simu kumi zinapatikana.

Wengine wameshatuuliza kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki. Katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles walijaribiwa watu 24 wenye kifafa sugu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Waliotumia kiasi kidogo, miligramu 1,080 za omega-3 iliyomo katika mafuta hayo kwa siku, mashambulizi yao yalipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Walipotumia maradufu ya kiasi hicho, faida haikuonekana. Tunaipenda habari hii kwa sababu moja: inamjibu yule anayesema kuwa kitu cha asili hata ukizidisha hakidhuru. Hata samaki ana kiasi chake. Na anayenunua vidonge hivyo aulize ganda lake la jelatini limetokana na nini, kwani ya nguruwe ipo, na ya samaki na ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali nayo ipo.

Vitamini B6 inao watoto wachache sana ambao kwao ndiyo dawa hasa, wale wanaozaliwa na hitilafu inayowafanya washikwe tangu siku zao za mwanzo. Maradhi yao yalielezwa tangu mwaka 1954, na dawa ya kawaida haiwafai. Kwa mgonjwa mwengine vitamini hiyo si tiba ya kifafa, na ikizidi kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Vitamini D ni habari nyingine: baadhi ya dawa za kifafa zikitumika miaka mingi huipunguza mwilini na mifupa ikadhoofika, kwa hiyo daktari huweza kuiongeza kwa ajili ya mifupa. Mafuta ya nazi, ambayo sisi watu wa pwani tunayo majumbani, yametajwa sana kwa sababu mafuta ya jamii hiyo yalitumika tangu mwaka 1971 katika mlo maalumu wa watoto wenye kifafa, mlo unaobana wanga kwa mizani na kusimamiwa na hospitali. Kumpaka mtoto mchuzi wa nazi kwenye ubwabwa si mlo huo.

Na kafuri isinyweshwe mtu. Tunalisema peke yake kwa sababu tumesikia wanaoichanganya na mafuta. Kafuri ikimezwa yenyewe ndiyo huleta mashambulizi, hata kwa mtoto mzima asiye na kifafa.

Ikiwa baada ya hayo yote familia inataka kutumia habasoda kwa mapenzi ya Sunna, na sisi hatuwezi kumkataza Muislamu jambo hilo, basi vidonge vibakie pale pale, kwa saa zake na idadi yake, na daktari aambiwe. Wagonjwa wengi humficha daktari wakichelea kuchekwa. Asichekwe, na asifiche. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa habasoda huweza kuvipunguza kasi baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyoyeyusha dawa, na miongoni mwa dawa zinazoyeyushwa kwa njia hiyo ni kabamazepini. Dawa isipoyeyuka kwa kasi yake hujikusanya mwilini, mgonjwa akaanza kuyumba, kusinzia na kuona vitu viwili viwili, na watu wakasema jini limerudi.

Wauzaji nao tunawaambia bila ya kuwavunjia heshima biashara yao: kuuza habasoda ni halali. Kumwambia mgonjwa aache dawa ni kujifanya tabibu, na imepokewa kwa Abu Daud na wengine kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa atakachokiharibu. Mafakihi wamejenga juu ya hadithi hiyo hukumu ya fidia.

Katika ibada, maswali tunayoyapata zaidi ni mawili. Kupoteza fahamu kunatengua udhu, kwa hiyo akizindukana atatia udhu upya, na kuoga ni sunna kwa madhehebu yetu ya Shafi. Palipoingia mkojo patatoharishwa. Swala aliyoshikwa ndani yake ataianza tena akipata nguvu, na hana dhambi. Kuhusu Ramadhani, kushikwa kwa muda mfupi mchana hakubatilishi saumu. Tatizo ni dawa. Anayemeza mara mbili kwa siku kwa kawaida zinamwendea na futari na daku, lakini anayemeza mara tatu asijipangie mwenyewe. Watafiti wa Uturuki waliotangaza kazi yao mwaka 2008 waliona mashambulizi yakiongezeka katika Ramadhani, na walikuunganisha huko na kubadilishwa kwa utaratibu wa dawa. Basi aende hospitali tangu Shaabani. Huenda akabadilishiwa dawa ya kukaa muda mrefu mwilini. Isipowezekana, ana ruhusa ya kula, akilipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona atatoa fidia. Kukesha nako ni adui wa mgonjwa huyu. Tarawehe aswali, kisha alale. Barza za usiku wa manane awaachie wengine.

Dakta Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanza kuwatibu watu wa kifafa huko Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wengi wana makovu ya moto, kwa kuwa watu waliamini povu la mgonjwa linaambukiza, na wakaogopa kumgusa hata akiangukia jikoni. Kifafa hakiambukizi kwa povu, wala kwa mate, wala kwa kula sahani moja. Mgonjwa akishikwa, aondolewe vitu vya kumuumiza, alegezwe nguo ya shingoni, afunikwe sitara yake, na mtetemeko ukitulia alazwe ubavu. Asitiwe kijiko kinywani, asinyweshwe maji, asizuiwe kwa nguvu. Mtu mmoja aangalie saa: zikipita dakika tano, au akishikwa tena kabla ya kuzindukana, ni hospitali, hata ikiwa ni usiku. Jiko la chini na kisima visiwe kazi ya mgonjwa anapokuwa peke yake, na mvuvi asiende baharini pekee.

Na kwa binti aliyefikia umri wa kuolewa, wazazi wasimfichie posa. Aliyejua na akaridhika ndiye atakayemkumbusha kidonge chake. Kabla ya kushika mimba amwone daktari, kwa sababu valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na iko njia ya kubadilisha dawa mapema. Lakini akishagundua ana mimba asiikatishe mwenyewe kwa hofu, aende upesi akaulize.

Mama yule tulimshauri anunue daftari. Aandike tarehe na saa ya kila shambulizi, lilidumu dakika ngapi, binti alilala saa ngapi usiku wake, kidonge gani kilisahauliwa, siku zake za mwezi, na kila kitu alichokula kwa jina la dawa, ikiwemo habasoda, vijiko vingapi na tangu lini. Daftari hilo alipeleke kliniki kila anapokwenda, na chupa ya mafuta nayo aibebe mkobani, daktari aisome mwenyewe.